Kwa nini vyama vya michezo vyuoni huomba vitabu vya msaada

KILA mwaka wa masomo unapoanza katika vyuo vya Marekani, vyama vya wanafunzi hupanga meza zao uwanjani ili kuwavutia wanachama wapya. Miongoni mwavyo aghalabu huwa mna chama kimoja kidogo ambacho hakitafuti wachezaji wenye misuli wala waimbaji wenye sauti nyororo. Kinachotafuta ni watu wa kuketi mezani na, zaidi ya hao, vitabu vilivyokwisha kutumika: vitabu vya sheria za michezo ya uhusika.

Ombi hilo huwashangaza wengi. Ni mchezo gani huu usiohitaji mpira, uwanja wala filimbi, ila unahitaji rafu ya vitabu? Na ikiwa ni burudani tu, kwa nini mtu atoe kitabu alichokinunua kwa bei ghali awape vijana ambao watahitimu na kutawanyika baada ya miaka minne?

Maswali hayo yana majibu, na majibu yenyewe yanagusa mambo yaliyo mbali na burudani. Yanahusu namna chama cha wanafunzi kinavyoishi au kufa. Yanahusu pia ni nani hupata kiti mezani pale gharama ya kuketi inapouzidi uwezo wa mfuko.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo wa uhusika ni hadithi inayotungwa papo hapo na kikundi cha watu, aghalabu watano hadi saba, walioizunguka meza. Mmoja wao huwa mwendeshaji. Yeye ndiye hueleza mahali, hali ya hewa, hatari iliyopo na maneno ya kila mtu ambaye wenzake watakutana naye njiani. Waliosalia, kila mmoja huvaa nafsi ya mhusika mmoja, awe askari, mganga, mwizi au kasisi, na huamua mhusika huyo atanena nini na kutenda nini.

Aliyelelewa katika desturi ya ngano hatatatizika kuuelewa. Fanani anaposema "Paukwa!" hadhira huitikia "Pakawa!" kisha husikiliza hadi tamati. Katika mchezo huu, kazi ya hadhira haiishii katika kuitikia. Sungura akifika mtoni, msikilizaji ndiye huamua iwapo ataogelea, atamlaghai mamba au atarudi alikotoka. Fanani naye hana budi kuifuata hadithi huko ilikoelekezwa.

Bila ya sheria, hadithi ya namna hiyo ingegeuka ugomvi. Huyu angedai kwamba amemuua joka, na yule angeshikilia kwamba joka halijafa. Hapo ndipo vitabu vinapoingia. Hueleza nguvu na udhaifu wa kila mhusika, uwezekano wa kufaulu au kushindwa katika kila tendo, na namna ya kurusha dadu ili bahati itoe uamuzi. Dadu zenyewe si zile za pande 6 pekee. Zipo za pande 4, 8, 10, 12 na hata 20.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa kwa umma uliitwa Dungeons & Dragons. Ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, na ukatolewa mwaka wa 1974 na kampuni ya TSR iliyokuwa katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu, kila moja ikiwa kisanduku chenye vijitabu vitatu. Bei yake ilikuwa dola 10 za Marekani.

MIZIZI YAKE VYUONI

Dola 10 za wakati huo hazikuwa kitu kidogo kwa mwanafunzi. Kwa hivyo, vijitabu hivyo vilipita mkono hadi mkono, na wengi waliujua mchezo kwa kuazima au kupitia nakala zilizotolewa kwa mashine, si kwa kununua kisanduku halisi. Tangu mwanzo, basi, suala la nani ana kitabu na nani hana lilikuwa sehemu ya historia ya michezo hii.

Mfano mmoja ni wa Ken St. Andre, mkazi wa Phoenix, Arizona. Alizisoma sheria hizo katika nakala ya rafiki yake, akaziona ni ngumu kueleweka, akaamua kuandika zake. Matokeo yake yalikuwa mchezo wa Tunnels & Trolls wa mwaka wa 1975, ambao nakala zake za kwanza zilipigwa chapa katika mtambo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Mwaka uo huo, kundi la wachezaji katika chuo cha Caltech, California, lilichapisha sheria zake lenyewe zilizoitwa Warlock.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois, mjini Normal. Hapo palikuwa na chama cha wanafunzi waliopenda michezo ya vita ya mezani, miongoni mwao Frank Chadwick, Rich Banner na Marc Miller. Chuo kilifadhili mradi wao wa kubuni michezo ya kufundishia darasani. Mnamo 1973, vijana hao walianzisha kampuni yao wenyewe, Game Designers' Workshop.

Kampuni hiyo ndiyo iliyotoa Traveller mwaka wa 1977, mchezo ulioandikwa na Miller kuhusu safari za angani baina ya nyota. Nao ulikuwa vijitabu vitatu vidogo vyeusi ndani ya kisanduku. Kampuni ilidumu hadi mwaka wa 1996, lakini mchezo wenyewe ungali unachezwa na kuchapishwa.

Yafaa kutambua kilichowapa vijana hao mwanzo. Walipata chumba cha kukutania, msaada wa chuo na wenzao waliokuwa tayari kuketi na kujaribu sheria zisizokamilika. Kitabu kimoja kilichoazimwa kilitosha kumfanya msomaji mmoja awe mwandishi.

KWA NINI NAKALA MOJA HAITOSHI

Katika Dungeons & Dragons, ambao ndio mchezo mashuhuri zaidi wa aina hii, vitabu vya msingi ni vitatu. Cha kwanza, Player's Handbook, ni cha wachezaji wote. Cha pili, Dungeon Master's Guide, ni mwongozo wa mwendeshaji. Cha tatu, Monster Manual, ni orodha ya mazimwi na viumbe vingine ambavyo wahusika hukabiliana navyo.

Toleo la tano lilipotoka mwaka wa 2014, kila kimoja cha vitabu hivyo kiliuzwa kwa dola 49.95. Vitatu kwa pamoja vilikaribia dola 150. Vitabu hivyo vilipofanyiwa marekebisho na kutolewa upya kati ya 2024 na 2025, bei haikuteremka. Mwanafunzi anayelipa karo kwa mkopo, na anayefanya kazi mkahawani jioni ili apate kodi ya chumba, hawezi kuona gharama hiyo kuwa mzaha.

Ni kweli kwamba si kila mchezaji anahitaji vyote vitatu. Mwendeshaji mmoja akiwa navyo, meza nzima inaweza kuendelea. Hata hivyo, kitabu cha wachezaji ni jambo jingine. Mchezaji hukihitaji anapomuumba mhusika wake, anapomwongezea uwezo na anapotaka kujua kama jambo fulani linaruhusiwa. Watu sita wakitegemea nakala moja, watano huwa wanangoja.

Kungoja huko ndiko humfukuza mgeni. Mwanachama wa zamani anazijua sheria kwa moyo na hahitaji kufungua ukurasa. Mgeni hana kumbukumbu hiyo wala hana kitabu. Huketi kimya, huona haya kuuliza kila mara, na wiki ya tatu haonekani tena. Aghalabu wenzake hudhani hakuupenda mchezo, ilhali kilichomshinda ni kukosa cha kusoma.

Tatizo la pili ni la wakati. Chama cha chuoni si kama chama cha mtaani ambacho wanachama wake hukaa miaka 20. Kila baada ya miaka minne, takriban wote wameondoka. Ikiwa vitabu ni mali ya watu binafsi, huondoka nao ndani ya masanduku yao siku ya mahafali. Chama kilichokuwa na meza tano mwezi wa Mei kinaweza kurejea mwezi wa Septemba kikiwa na meza moja, wala si kwa sababu hamu imekwisha.

Rafu ya chama ndiyo tiba ya maradhi hayo. Vitabu vilivyo mali ya chama hubaki pale wanafunzi wanapopita. Katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, chama cha wanafunzi wapenzi wa hadithi za sayansi kilichoasisiwa mwaka wa 1949 kimejenga maktaba yenye zaidi ya vitabu 60,000 inayoendeshwa na wanafunzi wenyewe. Vizazi vingi vya wanafunzi vimepita hapo, lakini rafu zimesalia. Haba na haba hujaza kibaba.

HOFU ILIYOTUPA VITABU JALALANI

Ombi la vitabu vya zamani lina sababu nyingine ya kihistoria. Vipo vitabu ambavyo havikuchakaa kwa kutumiwa, bali vilitupwa au kuteketezwa kwa hofu.

Mnamo Agosti 1979, mwanafunzi mwenye umri wa miaka 16 alitoweka katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Mpelelezi wa kibinafsi aliyekodishwa na familia alitaja uwezekano kwamba kijana huyo alipotelea katika mahandaki ya mabomba ya mvuke yaliyo chini ya chuo akicheza Dungeons & Dragons. Magazeti yaliipokea dhana hiyo kwa pupa, na kwa mara ya kwanza jina la mchezo likavuma nchini kote.

Kijana alipatikana mwezi uliofuata akiwa hai katika jimbo la Louisiana. Baadaye mpelelezi huyo aliandika kitabu, kilichotoka mwaka wa 1984, akieleza kwamba kiini cha kisa hakikuwa mchezo. Kijana alikuwa na huzuni nzito na alikuwa akilemewa na shinikizo la masomo akiwa mdogo mno miongoni mwa wanafunzi waliomzidi umri.

Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Mwaka wa 1981 ilichapishwa riwaya ya Mazes and Monsters iliyoandikwa na Rona Jaffe, na mwaka uliofuata ikafanywa filamu ya televisheni ambayo mwigizaji wake mkuu alikuwa Tom Hanks, wakati huo akiwa bado kijana. Mwaka wa 1983 kiliundwa kikundi cha kupinga mchezo huo, kikiongozwa na Patricia Pulling, mzazi aliyeamini kwamba ndio uliosababisha kifo cha mwanawe. Baadhi ya makanisa na shule yaliupiga marufuku, na wazazi wengi wakawanyang'anya watoto wao vitabu.

Uchungu wa mzazi aliyefiwa haufai kudharauliwa. Hata hivyo, uchungu si ushahidi. Mwaka wa 1990, mwandishi wa michezo Michael Stackpole alichapisha ripoti iliyochambua madai ya kikundi hicho na kuonyesha kwamba mengi hayakuwa na msingi. Hofu ilififia kadiri miaka ilivyosonga. Kufikia mwaka wa 2016, Dungeons & Dragons uliingizwa katika jumba la heshima la vitu vya kuchezea la makumbusho ya Strong, mjini Rochester, New York.

Kisa cha Michigan kina funzo ambalo wengi waliokisimulia hawakulitilia maanani. Kijana mdogo aliye peke yake katika chuo kikubwa hasaidiwi kwa kuondolewa kile kinachomkutanisha na wenzake. Meza yenye watu sita wanaomngojea kila Ijumaa saa moja jioni ni kitu cha thamani kwake. Asipofika, kuna atakayeuliza yuko wapi.

SI KILA KITABU HUFAA

Anayetaka kusaidia hana budi kujua kwamba wingi wa vitabu si lazima uwe msaada. Dungeons & Dragons pekee umepitia matoleo mengi. Vitabu vya mfululizo wa Advanced vilitoka kati ya 1977 na 1979, na toleo lake la pili likafuata mwaka wa 1989. Kampuni ya Wizards of the Coast, iliyoinunua TSR mwaka wa 1997, ilitoa toleo la tatu mwaka wa 2000, marekebisho yake mwaka wa 2003, toleo la nne mwaka wa 2008 na la tano mwaka wa 2014.

Matoleo hayo hayaingiliani kwa urahisi. Anayecheza kwa sheria za mwaka wa 2008 na anayecheza kwa zile za 1989 ni kama watu wawili walioketi kwenye ubao mmoja, huyu akicheza bao na yule drafti. Chama kilichopokea vitabu kumi vya matoleo matano tofauti kinaweza kuwa na rafu ya kupendeza, lakini kisiwe na meza hata moja iliyotosheka. Nakala nne za kitabu kimoja cha wachezaji, zote za toleo moja, zingefaa zaidi.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanalifahamu jambo hili kutoka upande mwingine. Shule nyingi zimewahi kupokea makasha ya vitabu kutoka ng'ambo na kukuta ndani yake vitabu visivyolingana na mtaala. Vitabu hivyo hujaza kabati na kumpa mfadhili picha nzuri, na mwanafunzi hubaki alivyokuwa. Msaada ulio bora huanza kwa swali: mnahitaji nini?

Hii haimaanishi kwamba vitabu vya kale havina kazi. Toleo la zamani lililo kamili linaweza kuanzisha meza ya pekee kwa wapendao historia. Michezo mingine iliyo tofauti kabisa, kama vile Call of Cthulhu wa mwaka wa 1981, ambao wahusika wake ni watu wa kawaida wanaochunguza mambo ya kutisha, huhitaji kitabu kimoja tu cha sheria mikononi mwa mwendeshaji. Mchezo wa aina hiyo ni faida kubwa kwa chama maskini.

Aidha, baadhi ya vitabu vya miaka ya 1970 vimekuwa adimu na bei yake imepanda mno. Chama kikijaliwa kupewa kitu kama hicho, ni busara kumwuliza mfadhili kama anaridhia kiuzwe ili fedha zake zinunue nakala kadhaa za kutumiwa kila siku. Kukiuza kimyakimya ni kuvunja imani.

SHERIA ZA HAKIMILIKI

Je, kwa nini wanafunzi wasitoe tu nakala za mashine, kama walivyofanya waliowatangulia miaka ya 1970? Jibu ni kwamba sheria inatofautisha kitabu na maandishi yaliyomo. Nchini Marekani, aliyenunua kitabu halali anaweza kukiuza, kukiazima au kukitoa bure pasipo kumwomba mwandishi idhini. Kanuni hiyo ilithibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka wa 1908 na imo katika sheria ya hakimiliki ya 1976. Kutoa nakala ya kitabu kizima ni jambo jingine, nalo linaweza kukiletea chama na chuo matatizo.

Vitabu vya kielektroniki navyo vina mtego wake. Mara nyingi mnunuzi huwa hakuuziwa kitabu, bali ruhusa ya kukisoma yeye mwenyewe. Hawezi kuitoa ruhusa hiyo kwa chama jinsi anavyoweza kutoa kitabu cha karatasi. Hii ni sababu mojawapo inayofanya karatasi kuendelea kuombwa katika zama hizi za simu na tarakilishi.

Hata hivyo, pana nafuu iliyopatikana. Tangu mwaka wa 2014, kampuni ya Wizards of the Coast imetoa bure kwenye intaneti sheria za msingi za mchezo wake. Mnamo Januari 2023, mpango wake wa kubadilisha leseni iliyowaruhusu wengine kutumia sheria hizo ulizua malalamiko makubwa. Kampuni iliachana na mpango huo, na mwezi uo huo ikaziweka sheria za msingi za toleo la tano chini ya leseni huru ya Creative Commons. Yeyote anaweza kuzichapisha na kuzigawa, mradi ataje zilikotoka.

Aidha, tangu mwaka wa 2007 kumekuwa na siku maalumu kila mwaka ambapo wachapishaji huwapa wenye maduka ya michezo vijitabu vya kugawa bila malipo. Chama kinachojua kufuatilia kinaweza kuanzisha meza ya kwanza bila ya kutumia hata senti moja.

Basi vitabu vya msaada bado vinahitajika? Naam. Sheria za bure ni msingi tu. Aina nyingi za wahusika, uwezo wao na visa vilivyo tayari kuchezwa havimo. Isitoshe, mwanafunzi mgeni huelewa upesi zaidi akiwa na kitabu mkononi, chenye picha na mifano, kuliko akihangaika na kurasa za simu huku wenzake wakimngoja.

NAMNA YA KUOMBA NA KUTUNZA

Ombi lililo zuri huwa fupi na bayana. Hutaja jina la chama na chuo, idadi ya wanachama, michezo inayochezwa na toleo lake. Hutaja vitabu vinavyohitajika kwa majina na idadi. "Tunaomba nakala nne za kitabu cha wachezaji cha toleo la tano" ni maneno yenye uzito kuliko "tunaomba chochote mlicho nacho". Anayeomba chochote huletewa kila kitu.

Watu wa kwanza kuombwa ni waliowahi kuwa wanachama. Wengi wao wamepata kazi, wameoa au kuolewa, na vitabu vyao vimo kabatini vikila vumbi. Wa pili ni wenye maduka ya michezo na vitabu, ambao huwa na nakala zilizokunjika kona zisizoweza kuuzwa kwa bei kamili. Wa tatu ni wachapishaji wadogo, ambao hufurahi kazi yao ikijulikana kwa wachezaji wapya. Wa nne ni maktaba za umma zinapopunguza vitabu.

Gharama ya kutuma haifai kuachiwa mfadhili bila ya kutajwa. Posta ya Marekani ina nauli nafuu ya vitabu iitwayo Media Mail, ambayo ni ya polepole lakini humwokolea mtumaji fedha nyingi. Chama kikiweza kulipia nauli hiyo, kinamwondolea mfadhili kisingizio cha mwisho.

Pia ni muhimu kuwa mkweli kuhusu kodi. Nchini humo, mtoaji hupata nafuu ya kodi pale tu anapolipa taasisi inayotambuliwa kisheria kuwa ya hisani. Chama cha wanafunzi peke yake mara nyingi hakina hadhi hiyo. Wanaotaka kuwaahidi wafadhili nafuu ya namna hiyo hawana budi kwanza kuuliza ofisi ya chuo kama mchango unaweza kupokelewa kwa jina la chuo.

Vitabu vikishafika, kazi ndiyo kwanza imeanza. Kila kimoja hupigwa mhuri wa chama na kuingizwa katika daftari: jina lake, toleo, siku kilipopokewa na aliyekitoa. Mwanachama mmoja huchaguliwa kuwa mtunzaji, na mwingine wa mwaka wa chini huwa msaidizi wake ili funguo zisihitimu pamoja na mtu. Muda wa kuazima huwekwa, na kabati huwa na kufuli katika jengo la chuo, si chini ya kitanda cha mwenyekiti.

Jambo la mwisho ambalo vyama vingi husahau ni wosia. Katiba ya chama inafaa kueleza vitabu vitaenda wapi iwapo chama kitakufa: maktaba ya chuo, chama cha chuo jirani, au maktaba ya mtaa. Mfadhili anayejua kwamba kitabu chake hakitaishia jalalani wala katika soko la mitumba hutoa kwa moyo mkunjufu.

Wapo watakaosema kwamba fedha na juhudi hizo zingeelekezwa katika vitabu vya masomo. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu endapo vitabu hivi vingenunuliwa kwa karo. Lakini vinavyoombwa ni vile ambavyo wenyewe hawavitumii tena, na havimnyimi mwanafunzi yeyote kitabu cha hesabu wala cha sheria. Mwenye navyo anayeviacha kabatini hapati faida, na aliyekaa peke yake chumbani kule chuoni hapati mwaliko.

Kwa aliye na kitabu kama hicho, hatua ya kwanza ni rahisi. Atazame ukurasa wa mwanzo ajue ni toleo la mwaka gani, akiulizie chama cha chuo alichosomea kama kinalihitaji, na asikitume kabla ya kupata jibu. Kwa chama kinachoomba, wajibu ni kumjibu kila aliyeuliza, hata yule ambaye kitabu chake hakikufaa. Huenda mwaka ujao akawa na kingine kinachofaa.